Debe la Oili Nyuma ya Jiko

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Feodora Egnaty. Umri: miaka 46. Kazi: mpishi wa shule. Makazi: kijiji cha Qayarvik, kando ya Mto Kuskokwim, Alaska.
Yameandikwa kituoni na Sajini Lund, tarehe 19 Januari 1974, saa nane mchana.

Mimi ni mke wa Matfi Egnaty, rubani wa ndege ndogo inayotua kwa skii juu ya barafu. Nimekuja mwenyewe, kwa sababu nimesikia utafutaji unataka kusimamishwa.

Mnamo tarehe 12 Januari, saa nne asubuhi, Matfi aliondoka kuwapelekea chakula wategaji wa wanyama walioko juu mtoni. Kabla ya kutoka alichukua debe la oili nyuma ya jiko letu, akaenda kuimimina kwenye injini ikiwa moto. Kwa baridi ya kwetu, oili ikilala ndani ya ndege huwa nzito kama lami na injini haizunguki. Kwa hiyo kila akitua huifungulia mara moja, akaikinga kwa debe na kuja nayo ndani. Tangu tuoane, debe hilo ndilo linalokaa penye joto kuliko sote. Mimi huliita mke mwenzangu.

Asubuhi hiyo nilimwambia, "Mke mwenzangu kalala motoni, mimi miguu imekufa ganzi."

Akacheka. "Yeye angalau hanisemi, mke wangu."

Hakurudi jioni. Dhoruba ilivuma mpaka juzi.

Jana mchana shemeji yangu Evon, ambaye naye ni rubani, aliiona ndege juu ya ziwa, akatua. Hakukuta mtu, na nyayo zilikuwa zimefukiwa na theluji. Jua lilikuwa linazama, akarudi. Alinifuata jikoni shuleni, akavua kofia.

"Shemeji, injini kavu, hata tone hamna," alisema. "Bomba lake la kupumulia litakuwa liliziba barafu, ikatapika oili yote angani. Kaka ametua, akaondoka kwa miguu. Kwa baridi ile, tumwombee tu."

Nilimuuliza, "Tumbo la ndege lilikuwa limechafuka oili?"

"Safi kabisa."

"Na injini?"

"Imefunikwa blanketi, imefungwa vizuri."

"Debe je?"

"Sikuliona, shemeji."

"Nyie mnaopasha injini kwa hita za gesi mmesahau kufungulia oili, Evon. Mtu anayekwenda kufa hubeba debe la oili?"

Alikaa juu ya gunia la unga, akalia. Nami nililia.

Matfi aliifungulia oili hiyo kwa mkono wake. Ameipeleka penye moto, na karibu na ziwa lile kuna vibanda viwili vya wategaji. Upepo umekoma na hajarudi, basi kuna kinachomzuia. Hiyo ni sababu ya kwenda, si ya kuacha. Sijui kama yu hai. Ninachojua ni kwamba alipoiacha ndege alikuwa na nia ya kuiwasha tena aje nyumbani.

Nina hamu naye mno. Nyuma ya jiko pako wazi, na sijaweza kuweka kitu pale, hata samaki wa kukausha. Miaka yote nimelalamikia harufu ya oili. Sasa nainama kuinusa ukutani.

Haya nimeyasema kwa kinywa changu, nami nayatia sahihi.

(Sahihi) F. Egnaty

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, akayakubali. Neno "marehemu", nililoliandika mbele ya jina la mumewe, nimelifuta kwa ombi lake na kutia sahihi kando. Evon Egnaty ataruka kesho kukipambazuka kwenda kwenye vibanda. Hita yake ameiacha. Oili ya ndege yake italala nyuma ya jiko la shahidi.

(Sahihi) Sajini Lund