Kikohozi cha Kwaya

Mjukuu wangu Neema,

Huku ukimbizini Doonside tu wazima, ila babu yako bado anagombana na baridi.

Umeniuliza: pasta wenu huko Amerika akiomba na kusema wakubwa wa serikali yenu, hao wanaojiita wahafidhina, wametumwa na Mungu, ni dhambi usipoitikia Amina? Kwa mkono mmoja wanainua Biblia, kwa mwingine wanamfungia mkimbizi mlango! Mimi ni mkimbizi, Neema. Amina yangu hawaipati.

Nilipokuwa msichana kwetu Uvira, kwaya yetu iliamriwa kutia jina la rais ndani ya wimbo wa Mungu. Askari wakakaa benchi la mbele kusikiliza. Tulipofika kwenye jina, mama yangu, aliyekuwa akituongoza, akakohoa. Waimbaji wa sauti ya pili wakakohoa. Mwishowe kanisa zima likakohoa, padri naye. Askari wakabaki kutazamana. Utamfunga nani kwa kukohoa? Jina halikuimbwa.

Basi Jumapili usigombane na pasta. Akifika hapo, kohoa, tena kwa nguvu. Utasikia ni wangapi nao walikuwa wanawashwa koo.

Bibi yako, ambaye kifua chake hakijapona.