Goti Lako, Mjomba, na Kibali cha Ngoma

Mjomba Hamisi,

Shikamoo. Naitoa hivyohivyo, marahaba yake nitaipokea siku tutakayokutana, Mungu akijalia.

Huku hatujambo. Hitima yako tuliisoma, watu wakajaa mpaka wengine wakala wamesimama. Mikorosho ya nyuma ya nyumba imeanza kutoa maua. Mama mjomba amezipaka mafuta patasi zako zote, anasema hataki zipate kutu, kana kwamba kesho utaziulizia. Mimi nikipita pale bado nageuza shingo nikuamkie. Halafu nakumbuka.

Barua hii haiendi popote. Nitaifukia pale kwenye mabaki ya mbao zako za mwisho, kwa hiyo naandika wazi, mambo ambayo mdomoni hayatoki.

Mjomba, mimi nilidhani kibali ni mwendo tu. Unavaa koti lako la kahawia, unapanda bodaboda kwenda Newala mjini, jioni unarudi Chilangala na karatasi yenye muhuri na karanga za kuchemsha. Unasema, "Wamekubali. Pasheni ngoma moto." Sisi tunapasha. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukuuliza umesema nini huko.

Mwaka huu vijana wetu walikuwa jandoni, siku ya kuwatoa imekaribia, shule zinakaribia kufunguliwa, na wewe hupo. Wazee wakaniangalia mimi. "Wewe ndiye mpwa wake, wewe ndiye uliyekaa naye. Nenda." Na wote tulikuwa tunajua kwamba kile kinyago chako cha mwisho, uso wa bibi mwenye ndonya, kile kipande cha mti kwenye mdomo wa juu, anayecheka upande mmoja, hakijawahi kucheza. Ulikimaliza ukiwa huwezi tena kukaa bila kuegemea mto. Ukaniambia, "Hiki kitoke na vijana." Nikakuitikia. Sasa mtu akishakuitikia na wewe ukafa, afanyeje?

Basi nikaenda. Mtendaji wa kijiji, yule kijana wa Iringa, aliponiona na bahasha akacheka: "Baba Zuhura, leo marehemu kakutuma?" Nikamwambia kanituma kweli. Akagonga muhuri. Kwenye kata wakagonga. Afisa utamaduni wa halmashauri akaniuliza muda wa kuanza na wa kumaliza, akauliza vyoo na maji ya kunywa, akaandika kwamba hana pingamizi. Nikajisemea, kumbe rahisi. Ikabaki polisi.

Mkuu wa kituo sasa ni mama mmoja wa Bukoba, mgeni, wewe hukumkuta. Mtu wa heshima, alininyanyukia na kuniamkia kabla sijakaa. Akasoma barua taratibu mpaka akafika pale penye midimu, ngoma yetu ya vinyago. Akaweka kidole.

"Huyu atakayefunika uso ni nani?"

Nikamwambia ni kinyago, afande.

"Baba, ndani ya kinyago kuna mtu. Mkusanyiko wa watu wengi, watoto wamo, halafu katikati kuna mtu hana sura. Likitokea jambo nitamkamata nani, mti?"

Mjomba, nilishikwa. Wewe unajua nilikokuwa kila kinyago kilipotoka, miaka yote hii. Nimtajie jina langu? Mwiko ni mwiko, mwanamke haambiwi. Nimtajie mwingine? Huo ni uongo, na mimi nasali. Nikamweleza kwa adabu kwamba kwetu jambo hilo mwanamke haambiwi. Akatabasamu. "Hapa mimi ni askari." Nikamwambia, "Kweli, afande, lakini kinyago hakijui sare." Akacheka hasa, akafuta macho. Akasema basi nimnong'oneze askari wake wa kiume pale mlangoni. Nikamwangalia yule kijana, wa Mwanza, jando letu hakulipita. Nikatikisa kichwa.

Akanirudishia barua kwa mikono miwili. "Sikatai ngoma yenu, Baba. Nakataa uso nisioujua. Chezeni bila kinyago."

Bila kinyago! Vijana watoke kimya kama wanaotoka hospitali. Na bibi wako wa kucheka upande abaki gizani mpaka mchwa wamle.

Nilirudi nyumbani. Niliswali, nikakaa kwenye mkeka nikimwomba Mungu anifungulie njia isiyo na uongo ndani yake. Ndipo nikaanza kukuwaza wewe. Maana wakuu wa kituo wamekuja wengi, wakaondoka wengi, nao walikuwa na macho kama huyu. Mbona wewe walikukubalia? Nikakuona siku za ngoma. Koti la kahawia, kiti cha mbele kabisa, ubavuni kwa askari, unachekacheka nao, unawagawia karanga. Hukuwa unanyanyuka hata kwenda kujisaidia.

Asubuhi nikarudi Newala. Nikamwambia, "Afande, jina sitaji. Lakini mimi nitakaa kando yako, tangu ngoma ya kwanza mpaka ya mwisho. Yeyote aliye ndani, dhamana ni mimi. Akikosea, pingu unazo na mikono yangu utakuwa nayo hapohapo."

Akanyoosha mkono achukue barua. "Hutanyanyuka?"

"Sitanyanyuka."

Akagonga muhuri.

Nilipanda bodaboda nimeshika kile kibali kama mtoto mchanga. Tulikuwa tumeshapita nyumba za mwisho za mji ndipo maneno yangu mwenyewe yakanirudia. Sitanyanyuka. Mjomba, mtu hawezi kukaa kwenye kiti na kuwa ndani ya kinyago. Nilikuwa nimekiuza kinyago nipate kibali cha kinyago. Nilimwambia dereva asimame, nikashuka, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Na pale chini, nimeinama, likanijia goti lako.

Ulipoacha kucheza ulikuwa bado na nguvu. Watu wanasimulia mpaka Lupaso jinsi kinyago kile cha enzi hizo kilivyokuwa kikiruka, ingawa wao hawajui kilikuwa wewe. Halafu ghafla ukatuambia sisi wa ndani, "Goti limekataa," ukanivisha mimi. Tukakutania, tukakuita Mzee Goti, ukacheka nasi. Na mwaka uleule, Mjomba, tulishuka wote bondeni kutafuta mti wa kuchonga, ukapandisha ule mteremko na gogo begani, ukaniacha nyuma nahema. Ukanisubiri juu unavuta sigara. "Mpwa wangu, unazeeka." Na mimi sikujiuliza. Lile gogo lote, sikujiuliza.

Hukuwa na goti bovu. Ulikuwa na kibali cha kutafuta, na kiti cha kukalia.

Nililia pale barabarani. Dereva akadhani nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, nimefiwa.

Aliyekivaa kinyago chako simtaji, hata kwako, lakini ni wa damu yako, mtu mzima mwenye watoto wake, utafurahi. Nilimfundisha pale kichakani unapopajua. Nikamwambia aonee mdomoni, macho ya mti asiyategemee. Nikamfunga njuga miguuni mwenyewe.

Siku yenyewe afande alikuja, nikakaa kando yake kwenye kiti cha plastiki, nimevaa koti lako. Mama mjomba alinipa, linanibana mabega. Vijana wakatoka na nguo mpya, mama zao wanapiga vigelegele mpaka sauti zinakatika. Halafu bibi wako akatoka na kicheko chake cha upande. Mjomba! Watoto walikimbia, wanawake walikimbia na kurudi na kukimbia tena, na mimi nilijua kila hatua kabla hajaikanyaga. Afande akaniinamia akasema, "Baba, wewe umekaa, lakini miguu yako haijakaa." Nikaibana chini ya kiti. Nikamgawia karanga.

Hakuna lililoharibika. Afande aliaga akasema mwakani nije mapema zaidi na nisilete mzaha wa sare. Nikasema sawa.

Lakini kuna moja limenichoma, na hili ndilo hasa lililonikalisha niandike. Tukirudi nyumbani, Mama Zuhura alitangulia mbele njia nzima. Tulipofika mlangoni akasema, "Baba Zuhura, unisamehe. Miaka yote nilikuwa najua ni wewe. Siulizi, ila najua. Nilikuwa nasimama na wenzangu najisemea moyoni, yule anayewatoa watu mbio ni mume wangu. Kumbe leo nimekuona umekaa na wageni, na kinyago kinaruka. Nilikuwa najidanganya."

Alisema kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Na mimi ningeweza kumrudishia kwa neno moja. Nikasema tu, "Haina neno, mke wangu," nikaingia ndani kuswali. Nilikawia sana kwenye sijda.

Mama mjomba naye alikuwa akisimama na wenzake, akijisemea vile vile juu yako, siyo? Na wewe ukamwacha akuone umekaa. Ukafa naye hajui. Sasa najua ulikuwa unabeba nini ulipokuwa unatugawia karanga na kucheka.

Lala salama, Mjomba. Mungu akupanulie kaburi lako, akutie nuru, akusamehe na sisi atusamehe. Nakuahidi kibali nitakifuata kila mwaka nikiwa hai, na kwenye kiti sitanyanyuka.

Yule wa kinyago alinirudishia njuga juzi. Akaniuliza, "Kaka, wewe nguvu bado unazo. Mbona umeniachia mimi?"

Nikakaa chini taratibu, nikanyoosha mguu.

"Goti," nikamwambia. "Goti limekataa."

Mpwa wako,
Baba Zuhura