Mama wa Picha ya Maktaba

Kaka yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wifi na yule binti yangu ambaye nasikia sasa anang'oka meno ya mbele na bado hanyamazi. Natumaini kikohozi chako kimekwisha, na kwamba msimamizi wenu mpya ameacha kuwagombeza mbele za watu. Sisi huku hatujambo. Usishtuke kuona karatasi. Hakuna msiba, hakuna aliyelazwa. Nimeandika kwa mkono kwa sababu ujumbe wa simu utaujibu kwa ile alama yako ya kidole gumba, na karatasi haina kidole gumba. Anayekuletea ni rafiki yangu muuguzi anayehamia huko kikazi, nimemwagiza akukabidhi mkononi.

Wiki iliyopita uliniomba nikwambie ukweli: mama anaumwa nini hasa? Maana kila mkiongea ni ugonjwa mwingine, na yeye mwenyewe hasemi likaeleweka. Ukaniambia umeshaomba ruhusa kazini uje umpeleke kwa daktari bingwa. Nilikuahidi jibu, na jibu limo humu. Ila hukuniita Kasuku bure, kaka. Itabidi univumilie nilifikie kwa mwendo wangu.

Nianzie kazini, kwa kuwa mambo yote yamezaliwa huko. Mama huwaambia majirani kwamba mimi naandika ndani ya simu za watu, na sijawahi kumsahihisha, hajakosea sana. Asubuhi nafika, nafuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta kwa mkono wa blauzi, navuta habari walizoleta waandishi, nazipunguza maneno, naziwekea vichwa, nazitafutia picha, nazirusha kwenye tovuti. Mchana zimeshachacha, tunaanza upya. Nikikosea herufi moja wasomaji wananiuliza kama shule nilikwenda au nilipita nje. Nikiandika vizuri, hakuna anayesema ahsante. Mara nyingine natazama idadi ya wasomaji inavyopanda na kushuka, najiuliza hawa watu wote wanatafuta nini kwetu. Nadhani wengi hawatafuti habari yenyewe. Wanatafuta cha kumwambia mtu: umesikia, umeona? Wanataka pa kuanzia mazungumzo, basi.

Mhariri wetu mkuu tumempa jina la Hakiki. Hakusalimii, anakuuliza kama umehakiki. Ukimwambia nje mvua inanyesha, anakwenda dirishani kwanza. Ni mtu mwema, ila usimpelekee neno ulilookota njiani.

Sasa, habari kama ya moto au ajali tunapiga picha wenyewe. Lakini habari za afya, za malezi, za uzee, hizo tunachukua picha ya maktaba, yaani picha ya siku nyingi iliyohifadhiwa, maadamu inaelekeaelekea. Mtu akipigwa picha siku moja anapiga chafya, kwetu atapiga chafya kila msimu wa mafua mpaka aote mvi.

Ndivyo mama yetu alivyoingia humo. Siku moja nilisahau funguo za nyumbani, akaniletea ofisini. Lifti ilikuwa mbovu kama kawaida yake, akapanda ngazi, akaketi kwenye benchi la mapokezi kunisubiri maana nilikuwa kikaoni. Mpiga picha wetu alikuwa anajaribu kamera mpya. Akamwona mama mtu mzima, mwanga wa dirisha ubavuni, ameshika tama, macho yako mbali. Akapiga. Baadaye akamwomba ruhusa ya kuitumia, na mama akamjibu kwamba haina neno, mradi asimtoe mnene. Mpiga picha akaikata akabakiza uso na mkono tu, akaihifadhi kwa maneno haya: mwanamke, mtu mzima, huzuni.

Ikakaa huko. Kisha siku ambayo mimi nilikuwa mapumziko, mwandishi wetu wa afya akahitaji picha ya kuweka kwenye habari ya shinikizo la damu. Ndiyo hiyo uliyoiona. Kaka, niliwaka! Majirani walikwisha kuanza kumiminika kuja kutoa pole, mmoja na mfuko wa matunda, mwingine akinong'ona kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Mama alinisema mpaka nikatamani niwe kinyozi. Aliniuliza kama alinisomesha ili nije nimtangaze kuwa mgonjwa. Alikuwa bado ananisema simu yake ilipoita, na ulikuwa wewe.

Nataka ujue upande huu ilikuwaje. Tangu tumzike baba, simu zako zilipungua kidogo kidogo, mwisho zikageuka ujumbe: nipo salama, nimefika, msijali. Sikulaumu. Nilikuwa nawasikia. Mlikuwa mkianza tu kuongea, mama anamtaja baba, analia, mnabaki kusikilizana pumzi. Nani angependa kupiga simu ya namna hiyo kila wiki? Lakini siku ile mlikuwa na shinikizo la damu la kuzungumzia. Ukamuuliza mambo ya chumvi, ya usingizi, ya kizunguzungu. Ukamkumbusha kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Mkatoka kwenye chumvi mkaingia kwa jirani anayefuga bata, mkatoka kwa bata mkaingia kwa binti yako asiyetaka kuvaa soksi. Mama akacheka. Mimi nilikuwa nimesimama jikoni na hasira zangu, sijui niziweke wapi. Mlipomaliza alivaa hereni, akatoka kumwagilia maua niliyokwisha kuyamwagilia asubuhi, ili apate mtu wa kumwambia kwamba mwanawe amepiga.

Halafu kimya. Mpaka ilipotoka habari ya maumivu ya magoti, kwa picha ile ile, na ukapiga kabla ya mchana. Ikatoka ya kukosa usingizi, ukapiga. Ikatoka ya wazee wanaoteleza bafuni, ukapiga, ukamwamuru anunue mkeka wa mpira. Tulikwenda kuununua siku hiyo hiyo. Alichagua wa kijani, baada ya kumtoa muuza duka jasho utadhani ananunua nguo ya harusi. Na wewe mwenyewe unamjua mama, uongo hasemi. Basi akajifunza kujibu bila kujibu. Ukimuuliza magoti yanaendeleaje, anashusha pumzi na kusema, uzee haupigi hodi, mwanangu. Ni kweli tupu, lakini si jibu.

Aliyetuumbua ni msomaji mmoja. Chini ya habari ya kisukari aliandika: jamani, huyu mama wa tovuti hii amebakiza ugonjwa gani, si mumpumzishe? Watu wakacheka, wengine wakaanza kumwombea kwa dhati kabisa. Hakiki akaniita chumbani kwake. Alikuwa amezifungua habari zote zile kwenye kioo kimoja, mama yetu juu, mama yetu chini, mama yetu kila pembe, na magonjwa yake yamempangia foleni. Akaniuliza ni nani anayeichagua picha hii.

Ni mimi, kaka. Ile ya kwanza haikuwa mkono wangu, na ya magoti aliiweka mwenzangu. Zilizofuata zote ni mimi. Niliona kwamba picha ikitoka unapiga, isipotoka hupigi. Na mama aliligundua kabla yangu. Aliacha kununa, akaanza kuniuliza huku anakunja nguo, bila kunitazama, kama wiki hii ofisini kwetu hakuna habari yoyote ya ugonjwa. Nikamwambia ipo moja ya masikio. Akasema ni kweli, siku hizi masikio yanawasumbua sana watu. Nakuapia hatukuwahi kukaa chini tukapanga. Lakini tulijua, sote wawili, na siku ya namna hiyo utamkuta ameichaji simu yake mapema na amekaa nayo karibu.

Kwa hiyo jibu lako ni hili: mama haumwi. Hana presha, hana sukari, masikio yake yanasikia mpaka ya nyumba ya tatu. Magoti yake yanapanda ngazi za ofisini kwetu kuliko yangu. Huyo daktari bingwa wako atamtazama atachoka, atatuomba radhi. Nisamehe kwa siku zote ulizokaa roho juu. Nilijua una wasiwasi nikaendelea, kwa sababu huku kwetu kicheko kilikuwa kimerudi, nami sikuwa na moyo wa kukifukuza. Nimejionea haya kuliko ninavyoweza kuandika.

Hakiki nilimweleza yote, nikasubiri kufukuzwa. Alivua miwani, akaifuta. Kisha akasema kosa ni kosa, tumewaonyesha watu mgonjwa asiye mgonjwa, kwa hiyo nipewe barua ya onyo na picha nikaiondoe kwa mkono wangu. Nilipofika mlangoni akaniuliza, na huzuni je, hiyo huzuni mlihakiki? Nilidhani ananikejeli.

Nikaenda kuiondoa. Kabla sijaiondoa nikaifungua ile ya asili, ambayo mpiga picha hajaikata. Sikuwa nimewahi kuiona. Humo benchi lote linaonekana, mkoba wake upo, funguo zangu ziko mapajani. Maneno ya Hakiki yakanirudia, nikaukuza ule mkono ulio shavuni. Kaka, mama hakushika tama. Chini ya kiganja kuna simu yake, ile ndogo ya zamani, mwanga wake unapenya kati ya vidole. Alikuwa amempigia mtu, na anasubiri apokee.

Nyumbani nilimuuliza kwa kuzunguka, na wala hakuhitaji kufikiri. Alisema aliniona niko kikaoni, yeye hana la kufanya, akaona ngoja akujaribu wewe. Simu ikaita, ikaita, mpaka ikakatika yenyewe. Akasema nisikulaumu, lazima ulikuwa kazini, na tena yeye hakuwa na jambo lolote la maana. Alitaka tu kukuringishia kwamba amepanda ngazi zote zile bila kupumzika hata mara moja. Kisha akaniuliza kama nimeshaanua nguo. Nikatoka nje nikaanua nguo, nikalia hapo kambani mpaka nikazilowesha tena.

Picha ya kwenye tovuti imeondoka na haitarudi, hata uzuke ugonjwa gani. Ile nzima nimemwomba mpiga picha anisafishie nakala moja, iko ndani ya bahasha hii. Utazame mkono wake vizuri. Kuanzia sasa hutaona chochote cha kukushtua, na ndicho kinachoniogopesha, kaka. Naogopa utanyamaza tena kwa sababu mama ni mzima. Ombi langu ni hilo moja: mpigie mzima hivyo hivyo. Usitafute cha kuanzia. Akimtaja baba akalia, usikate, mwache alie. Huwa anamaliza, na akimaliza anahamia kwa bata wa jirani. Na kama ruhusa umeshaipata, usiirudishe. Njoo nayo, tutamwachia daktari bingwa wagonjwa wake.

Mbusu binti yangu kwa niaba ya shangazi yake, mwambie meno yakiota mapya anitumie picha, nami naapa sitaiweka kwenye habari ya meno kuoza. Wifi mpe salamu zangu za dhati, mwambie nguo aliyonishonea inanitosha bado, ingawa kwa kubembelezana.

Nilipokuwa naandika mistari hii mama amepita nyuma yangu na beseni, akasimama. Akaniuliza siku hizi ni nani anaandikiwa kwa mkono. Nimemwambia ni mtu wa ofisini. Ameitazama karatasi muda, bila miwani, kwa hiyo sidhani kama amesoma kitu. Halafu amesema, basi huyo mtu wa ofisini mwambie kwamba ule mkeka wa kijani bado upo, na hautelezi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kasuku