Uji wa wamama wa kanisa

Jumanne, Mwiki

Wamama wa kanisa hawabebei mtu sufuria ya uji kama hajazaa wala haugui, na mimi kitinda mimba wangu ana ndevu.

Tangu nihamie huku mjini natembea kila asubuhi, kwa sababu daktari alisema mwili upungue, presha imepanda. Umepungua. Leo walipokuja na sufuria yao, nikisimama kuwakaribisha, sketi karibu ianguke.

"Mama Njeri, usitufiche," Mama Kamau akasema.

"Ni mazoezi tu."

"Mazoezi gani na umri huu? Kunywa uji!"

Tukacheka. Halafu wakaniombea, wengine wakilia kabisa.

Walipotoka nikashikwa na woga. Marehemu dada yangu alikonda hivi hivi, akasema ni kazi ya shamba. Kumbe ilikuwa sukari. Na hii kiu yangu ya siku hizi, ambayo nimekuwa nikisema ni jua...

Nimempigia binti yangu Njeri huko Kiganjo, nikamwambia yote. "Mami, kesho nakuja twende upimwe." Nimekubali.

Mungu wangu, kama ni miguu yangu imefanya hii kazi ya kunikondesha, nijulishe. Kama si miguu, nijulishe tu, lakini upesi, kesho Njeri akiwa bado amenishika mkono.