Tunampenda Mwalimu, Sasa Tunataka Kumharibia Safari

Bi Rukaya, asalaam aleikum. Mimi nauza vitumbua, na magazeti ya zamani ndiyo ninayofungia, lakini ukurasa wako huwa nauchana kwanza nauweka pembeni nisome, nikicheka mambo ya watu, na leo zamu ya kuchekwa imenifikia mimi. Nakuomba unishike mkono, kwa sababu nimekwama, na nikikosea hapa nitamharibia mtu ambaye hajanifanyia ila wema.

Nakaa upande wa Mtawanya na mwanangu wa mwisho, Ridhiwani, yuko darasa la pili katika shule yetu ya msingi ya serikali. Watu wanazisema sana shule hizi, kwamba watoto wamerundikwa na walimu hawajali, na mimi sisemi yetu haina shida, madawati hayatoshi na choo cha wavulana kimetitia, lakini Bi Rukaya, mwalimu wa mwanangu sijaona mfano wake. Anaitwa Mwalimu Eliwaza, mtu wa Singida, alikuja kwetu hajui hata kukuna nazi, leo tunaazimana mbuzi ya kukunia mlango kwa mlango. Ridhiwani ni mashoto, na mama mkwe wangu, Bi Habiba, alikuwa akimfunga kitambaa mkono wa kushoto kila asubuhi kabla hajaenda shule, ati mkono wa chooni huo, haushiki kalamu. Mtoto akawa hataki kuandika, hataki shule, akiamshwa anasema tumbo linauma. Mwalimu akakiona kile kitambaa, akakifungua, akakikunja vizuri, na jioni akakileta mwenyewe nyumbani. Mimi nilijua anakuja kutusema. Kumbe akavua viatu, akakaa mkekani na Bi Habiba, wakaongea ya mvua kwanza, ya nguruwe wanaomaliza mihogo, ndipo akasema, "Mama, kula ale kwa kulia, kusalimia asalimie kwa kulia, na mimi nitamsimamia hilo hata kwenye uji wa shule. Ila kalamu naomba mniachie mimi."

Bibi akakigeuza geuza kile kitambaa, halafu akasema, "Kalamu hailiwi. Haya, ntwae na kalamu yake."

Ridhiwani anaitafuna kalamu mpaka inabaki kijiti, lakini hilo bibi hatukumwambia. Mtoto sasa anasoma, tena anamsomea bibi yake maandishi ya kwenye mfuko wa unga, na kila mzazi hapa ana kisa chake cha Mwalimu Eliwaza, wala si cha kutungwa.

Sasa tatizo. Mwenzetu Sadallah, anaendesha bodaboda, alimbeba mtu wa ofisi ya elimu Kibiti na huyo mtu akaropoka kwamba Mwalimu Eliwaza anahamishwa. Kijiji kikawaka. Kwetu mwalimu akihamishwa ghafla watu wanajua ametupwa, kuna aliyemchongea, na vidole vyote vikaenda kwa Mwalimu Mkuu, Mwalimu Mshamu. Uliitishwa mkutano pale uwanjani shuleni na Sadallah akasimama mbele za watu akasema, "Huyu ana wivu! Mwalimu kapendwa kuliko yeye, basi kamfanyia fitina! Twende Kibiti, twende kwa wakubwa, hatutoki mpaka wamrudishe!" Watu wakapiga makofi mpaka watoto wakatoka madarasani. Na huyo Mwalimu Mshamu, Bi Rukaya, ndiye ambaye wazazi wakihamia mashamba ya mpunga bondeni kuamia ndege wasimalize mpunga, yeye huzunguka na pikipiki yake kutafuta watoto waliochukuliwa, anawatafutia nyumba za kulala huku kijijini wasikose masomo, na wengine anawalaza kwake na mkewe anawapikia. Mtu huyo alisimama mbele yetu, akafuta miwani, akasema, "Lawama nimezipokea," akarudi ofisini. Basi.

Mimi jioni ile nikampelekea Mwalimu Eliwaza mchele mpya, nimwambie asijali, tutampigania. Nikamkuta anakunja nguo. Akaniangalia, akaanza kulia, akasema, "Mama Ridhiwani, hakuna aliyenifukuza. Nimeomba mwenyewe."

Ndipo akanieleza. Ana binti, alimleta hapa akiwa mchanga, akawa anashikwa na degedege kila mara, mpaka wakaona bora akalelewe na bibi yake huko Singida, ambako baba wa mtoto ni nesi. Mwalimu anamwona likizo tu. Huyo binti anaanza darasa la kwanza Januari, na kwenye simu amemuuliza mama yake, "Na mimi utanifundisha, au wewe unafundisha wa huko tu?" Bi Rukaya, mimi niliposikia hivyo niliutua ule mchele nikakaa chini. Huyu ameshika mikono ya watoto wetu wote kuandika "a", na wa kwake anashikwa na watu wengine. Ametafuta muda mrefu mwalimu wa kubadilishana naye, huyu aje huku na yeye aende kule, na sasa amempata. Lakini anasema wazazi wakienda kupiga kelele ofisini, wakubwa watasimamisha kila kitu mpaka wachunguze kuna nini, na yule mwenzake akichoka kusubiri atabadilishana na mwingine. Nikamuuliza kwa nini asituambie. Akasema, "Nawajua. Mkinibembeleza nitashindwa kuondoka. Nilimwomba Mwalimu Mkuu anyamaze mpaka niwe nimepanda basi, na wewe naomba unyamaze."

Nikaapa. Sasa safari ya Kibiti imepangwa Jumatatu ya mwisho wa mwezi, tumeshachanga mafuta ya kirikuu, kile kigari cha mizigo kitakachotubeba, na aliyechaguliwa kuongea kwa niaba ya wazazi ni mimi, kwa sababu ya kisa cha mkono wa Ridhiwani. Nikisema ukweli nimevunja ahadi, nikinyamaza namsingizia Mwalimu Mkuu nikiwa najua, nikijifanya mgonjwa wataenda bila mimi, na nisikufiche Bi Rukaya, na mimi nataka abaki, mwanangu bado mdogo na sijui huyo anayekuja atauonaje huo mkono wake. Nifanye nini?

Mama Ridhiwani, Kibiti

BI RUKAYA ANAJIBU

Mama Ridhiwani, waaleikum salaam. Kwanza tulia: jibu hili nakutumia mapema kwa simu, gazetini litatoka mwalimu akishaondoka, na majina nimeyabadili yote, lako pia, na kijiji nimekisogeza. Mkono wa kushoto nimeuacha, maana mashoto wako kila nyumba na bibi wenye vitambaa wako kila kijiji.

Nikupe pole, halafu nikuseme kidogo. Barua yako ndefu, na mwishoni kabisa umepitisha kitu haraka haraka ukidhani sitakiona: "na mimi nataka abaki." Nimekiona. Hicho ndicho kinachokukwamisha, wala si ahadi. Ingekuwa ahadi tu ungeshamrudia mwalimu na kumwambia mambo yamefika pabaya, maana yeye mwenyewe hajui kwamba wewe ndiye umewekwa kuwa msemaji, au anajua? Hujaniandikia. Unangoja mtu mwingine amzuie, ili abaki na wewe uwe huna dhambi. Dada yangu, huko ni kumfanyia mtu ubaya kwa kukaa kimya.

Sikulaumu kumtaka. Nimesoma pale mwalimu alipokikunja kile kitambaa badala ya kukitupa na mimi mwenyewe nimemtaka aje kufundisha wajukuu zangu. Mwalimu anayejua kwamba kitambaa kina mwenyewe, na mwenyewe ana heshima yake, hilo hakulisomea chuoni tu. Na huyo Mwalimu Mkuu! Kusingiziwa wivu mbele ya wazazi na wanafunzi wake, jibu analo mdomoni, na asilitoe kwa sababu amemwahidi mwalimu wake? Mwanamume huyo ana kifua. Mnao watu wawili wa kujivunia pale, na mnachotaka kufanya ni kumwaibisha mmoja na kumfungia njia mwingine, tena kwa mapenzi.

Sasa nisikilize. Kesho, kabla hujawasha moto wa vitumbua, mwendee Mwalimu Eliwaza. Usiende kumuuliza kama amebadili nia. Mwambie safari imepangwa, msemaji ni wewe, na Mwalimu Mshamu anaumizwa jina kwa ajili yake. Mwombe akufungue nusu ya ahadi tu: useme kwamba ameomba mwenyewe. Kwa nini ameomba, hilo ni la nyumbani kwake, usiliguse hata wakikubana. Namjua kwa barua yako moja, hatakubali mkubwa wake aendelee kusemwa. Lakini ikitokea hofu imemshika akakataa, basi mwambie usoni, bila kumzunguka, kwamba utalisema hilo moja. Kiapo cha kumstiri mtu hakikupi ruhusa ya kumwacha mwingine achafuliwe. Atakasirika, atapoa.

Halafu waite wenzio kabla ya Jumatatu, na Sadallah akae mbele unapomwona. Sema maneno machache: mwalimu hakufukuzwa, ameomba uhamisho kwa mambo ya familia yake, Mwalimu Mkuu hana kosa, na kwenda Kibiti ni kumharibia. Basi safari ivunjwe. Sadallah atapiga kelele, mwache amalize, kisha mwambie aliyemsema mtu hadharani amwombe radhi hadharani, pale pale uwanjani, watoto wakisikia. Watoto waliosikia matusi wana haki ya kusikia na radhi. Mafuta mliyochanga yatamfikisha mwalimu na mizigo yake stendi.

Kuhusu anayekuja. Hukuniandikia hata jina lake. Unamwogopa mtu hujamwona, na wewe mwenyewe unajua kubadilishana ni watu wawili. Labda na yeye ana mama yake Umwe au Ikwiriri, ana miaka anatafuta njia ya kurudi kwao, na mkifunga huku mmefunga na kule. Akifika, usingoje akosee ndipo uende shuleni umekunja uso. Nenda siku ya kwanza, jitambulishe, mwambie mwanangu yuko hivi na hivi, na nyumbani tulishakubaliana hivi. Mwalimu Eliwaza hakukuta shule inayomjua, alikuta mlango wenu na akabisha hodi. Na nyinyi mjue kubisha.

Limebaki moja, na hili ni lako peke yako. Mwalimu anataka kuondoka kimya kwa sababu anaamini kila mtu hapo atamshika nguo. Anaogopa kupendwa kwenu. Mtu aliyewafundisha watoto wenu kusoma asiondoke kijijini kwa kunyata kama aliyevunja duka. Mmoja wenu lazima awe ndiye aliyemwambia nenda. Hawezi kuwa Sadallah, na Mwalimu Mkuu ameshafanya yake. Kwa hiyo kesho, ukimaliza hayo ya msemaji na ya ahadi, mshike mkono umwambie: "Mwalimu, binti yako anakusubiri. Nenda." Ukilia, lia. Lakini neno hilo litoke kwanza.