Damu Imenisuta

S.L.P. 417,
9 Machi.

Mpendwa kaka,

Habari za huko uliko? Wifi hajambo? Mapacha wameacha kupigana? Sisi tunasema hatujambo kwa mazoea tu.

Ni mpwa wako. Wewe ulimbatiza Kijiko kwa ulafi wake; sasa Kijiko anakimbia chakula. Anahara kwa miezi minne sasa, tumbo linamkata, na sketi ya shule anaibana kwa pini. Daktari anashuku ugonjwa wa Crohn, unaotia utumbo vidonda, ila anahofia usije ukawa kifua kikuu cha tumbo. Dawa za Crohn zinapunguza kinga; akipewa mwenye kifua kikuu zinaweza kumwua.

Akaagiza apimwe damu. Niliitoa mwenyewe pale maabara ninapofanya kazi. Kipimo cha uvimbe kilikuwa juu. Kingamwili dhidi ya hamira, ambazo wagonjwa wengi wa Crohn wanazo, nazo zilionekana. Kwa kawaida yetu, kipimo kipya tunakilinganisha na damu ya mtumishi asiyeumwa. Siku hiyo nilitoa yangu. Kaka, nami ninazo!

Nikadhani nimechanganya mirija. Nikarudia mara mbili, majibu yakawa yale yale. Daktari akasema nitulie: ndugu wa mgonjwa anaweza kuwa nazo bila kuumwa, na peke yake hazikati shauri, maana hata kifua kikuu huweza kuzileta. Kisha akauliza, "Mama, kwenu kuna mwingine aliyeumwa tumbo hivi?"

Nikasema hakuna.

Nilimtazama usoni nikadanganya, kwa sababu uliniapisha. Wote wanaamini ulipasuliwa kidole tumbo. Mimi niliyekufulia mashuka najua kwamba walikukata utumbo, na najua walikwambia ni Crohn hiyo hiyo. Aibu yako naielewa. Lakini nina hasira nawe, sikufichi, maana anayeilipia ni mwanangu.

Jumatano asubuhi wanamwingizia kamera ya utumbo na kukata kinyama cha kupima. Kabla ya hapo nitamweleza daktari yote. Barua hii itakapokufikia nitakuwa nimeshasema. Nitumie nakala za vyeti vyako vya hospitali, tafadhali, usizungushe.

Mama anakusalimu, na shemeji yako fundi saa pia. Nisalimie wifi na watoto. Mungu akulinde, akupe na moyo wa kusema.

Kijiko naye anakusalimu. Jana aliniuliza kama katika ukoo mzima ni yeye peke yake mwenye tumbo hili. Mpigie.

Wako akupendaye hata akiwa na hasira,
Mdogo wako.