Kishikwambi Kisichoitikia Shikamoo

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Nimeshika kishikwambi! Chuoni Nyakato somo la teknolojia tulilisoma ubaoni – mkufunzi alituchorea kwa chaki, tukanakili, tukapaka rangi. Leo, kwenye mazoezi ya kufundisha hapa Mkuyuni, Mwalimu Mkuu Lwakatare kakitoa kabatini kimeviringishwa kitenge kama mtoto mchanga. Shule nzima ni hicho kimoja. Ijumaa Mwalimu Getruda wa chuo anakuja kunipima, na lazima nifundishe nacho. Nikifeli narudia mwaka. Mwanangu Noela hatanisubiri, anakua.

Jumanne, 9 Septemba
Balaa. Kishikwambi kinasoma hadithi kwa sauti ya mama mtu mzima. Kuisikia tu, watoto wa awali wote wakasimama – shikamoo mwalimu! Chenyewe kikaendelea na sungura wake. Hakijaitikia, hakijasema kaeni, basi hawakai. Nikawaambia mimi wakae. Mtoto mmoja, Mihayo, akanijibu kwamba si mimi waliyemsalimia. Hadithi nzima wamesimama. Mwalimu Mkuu kasema labda hakisikii vizuri, wapaze sauti. Wakapaza.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimejirekodi humo: "Marahaba wanangu. Kaeni." Wakisalimia, nabonyeza. Wakakaa! Kimya kabisa. Hivi waliokitengeneza, kwao hakuna wa kuamkiwa?

Ijumaa, 12 Septemba, mapumziko
Jirani yangu Wilhelmina, anayenishikia mtoto, kaamka na homa. Nimemfunga Noela mgongoni, nikaja hivyo hivyo.
Mwalimu Getruda kaingia na miwani yake na karatasi ya alama. Watoto wakasimama, shikamoo mwalimu! Kabla hajafungua mdomo, Noela kapitisha mkono begani kwangu – kidole, paa, kwenye kishikwambi.
"Marahaba wanangu. Kaeni."
Watoto wakakaa. Na Mwalimu Getruda – sijui mshtuko, sijui mazoea – naye akakaa. Mkekani, katikati yao.
Akataka kuinuka. Mihayo akamshika sketi.
"Bibi, hatujaambiwa tusimame."
Akarudi chini! Nimefundisha somo lote yuko pale. Uji umekuja, kapewa kikombe kama wenzake. Karatasi ya alama iko chini ya kikombe, bado tupu.
Mimi niko nje, nachungulia dirishani. Mabega yanamtikisika. Anacheka, au uji ni wa moto? Nimerekodi "Simameni." Chaji asilimia mbili. Naingia – ngoja, Noela, usibonyeze kwan–